Hoja ya Msingi Siyo Hoja Yenye Msingi

Wadogo zangu mliokuja fildi redioni kwetu, karibuni Mtwara. Maji ya kunywa yako kwenye ndoo ya bluu, mhariri wa zamu haulizwi kitu dakika tano kabla ya taarifa ya habari, na minada ya korosho ikianza Oktoba msitegemee kuna mtu atawaangalia usoni. Hayo mtayazoea.

Nisichokizoea mimi ni skripti zenu pale zinapotaka kueleza dai, hofu au imani ambayo mwenye nayo ana sababu ya kuishika. Wa kwanza anaandika "yenye mashiko". Wa pili anaandika "ya msingi". Wa tatu "halali". Wa nne, aliyeitupa taarifa ya shirika fulani kwenye simu ili imtafsirie, ameleta "imani iliyohalalishwa". Wote wanne walitaka kusema kitu kimoja, na aliyekisema ni mmoja. Kundi lililopita lilikuwa hivyohivyo, na lililotangulia vilevile. Basi tuyaandike mara moja yaishe.

1. Maana kwanza.

Mashiko yanatokana na kushika. Jembe lina mpini, sufuria ina mikono, na hoja yenye mashiko ina mahali ambapo hata mtu asiyekupenda anaweza kuikamata, akaipima uzito. Msingi tunaujua kutoka kwenye nyumba. Taswira ni mbili, kazi ni moja: kusema kwamba dai hili limesimama juu ya kitu. Ukitaka kujua kama linastahili sifa hiyo, muulize mwenye dai "umejuaje?", kisha jiulize kama mtu mwenye akili zake, akionyeshwa hichohicho alichokiona yeye, angeamini vivyo hivyo.

Sasa lile ambalo kila mwaka linawapita pembeni: sifa hii inapima sababu. Matokeo haiyapimi. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya kimbunga Kenneth. Tarehe 24 kilikuwa kimepita jirani na Komoro kikija huku, na Mtwara ilikuwa ndani ya eneo lililotajwa. Watu wa maeneo ya chini waliambiwa wahamie sehemu za juu. Wazee wa Lindi, kwa upande wao, walikuwa na kumbukumbu ya kimbunga cha 1952 kilichoupiga mji wao. Tarehe 25 Kenneth kikaingia nchi kavu Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na sisi tukabaki na mapaa yetu. Mpaka leo napokea skripti inayosema hofu ya siku ile "haikuwa na msingi kwa sababu kimbunga hakikuja". Hofu ilikuwa na msingi mzito: kulikuwa na tahadhari ya wataalamu, kulikuwa na mwelekeo unaoonekana, kulikuwa na historia. Kimbunga kukata kona hakurudi nyuma kuing'oa misingi hiyo. Andika "hofu hiyo haikutimia". Hapo umesema kweli, na hujamgeuza mjinga mama aliyebeba watoto na godoro usiku.

Kinyume chake kipo pia. Mtu wa kijiweni anasema bei ya mnada wa kesho itapanda. Ukimuuliza amejuaje, anasema ameota. Kesho bei inapanda. Aliloamini limekuwa kweli, lakini halikuwa na mashiko jana na halijapata mashiko leo. Kupatia siyo kujua.

Wanafalsafa wamelichimba hili kuliko sisi. Mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier, kwa makala ya kurasa tatu tu, alionyesha kwamba mtu anaweza kuamini jambo la kweli, akiwa na sababu nzuri, na bado tukasita kusema kwamba analijua. Tulete mfano wake hapa ufukweni. Unaona ngalawa ya Mzee, ile yenye tanga lenye kiraka cheupe, inaingia, nawe unasema Mzee karudi. Kumbe ngalawa amemwazima mdogo wake, na Mzee mwenyewe amerudi saa ileile kwa bodaboda. Ulichosema ni kweli, sababu yako ilikuwa na mashiko, lakini viwili hivyo vimekutana kwa bahati. Kwa kazi yetu maana yake ni kwamba hata dai lenye mashiko linahitaji simu ya pili.

2. "Ya msingi" na "yenye msingi".

Kwenye sarufi, "ya msingi" ni a-unganifu na "yenye msingi" ni kivumishi cha pekee. Msipuuze kiungo hicho kidogo, kwa sababu kinabadilisha maana yote. Hoja ya msingi ni hoja kuu, ile ambayo nyingine zinaizunguka. Hoja yenye msingi ni hoja iliyo na sababu chini yake. Kitu kinaweza kuwa kimoja bila kuwa kingine: mtu akiwa na hoja tano, ile ya msingi ndiyo inaweza kuwa haina msingi kabisa, huku kahoja kadogo ka mwisho kamesimama imara. Shule ya msingi, haki za msingi, mahitaji ya msingi, yote ni ya mwanzo au makuu, hakuna anayeuliza kama yamethibitika.

Huku kwetu mtego ni mkubwa zaidi kwa sababu ya ushirika. AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ni chama cha msingi, kwa maana kwamba ndicho cha ngazi ya chini, kilichoko kijijini, kabla hujafika chama kikuu. Kwa hiyo tunasoma hewani, bila kucheka, "chama cha msingi kimesema hoja ya msingi ya wakulima haina msingi". Msikilizaji wa Nanyamba aliyekuwa anabangua korosho kaacha jiwe mkononi anajiuliza kimesemwa nini. Sentensi kama hiyo ikatwe: "AMCOS imesema dai kuu la wakulima halina mashiko." Mashiko yanakuokoa hapo, maana hayana shule wala chama. Na hata ukisikia mtu anasema "hoja za mashiko" badala ya "zenye mashiko", maana haibadiliki.

3. Majirani wasiokuwa ndugu.

Halali ni kilichoruhusiwa na sheria au dini. Madai halali ya watumishi ni fedha wanazostahili kulipwa kisheria. Mtu anaweza kuwa na dai lenye mashiko akakosa haki kwa sababu muda wa kudai umepita. Ndiyo maana "hofu halali" inachekesha: nani ameiruhusu? Na "imani iliyohalalishwa" inanuka jikoni, kama kuku aliyesomewa bismillahi.

Sahihi hupima kama jambo ni kweli au limekosewa. Kenneth imetuonyesha kwamba hilo ni swali jingine.

Thabiti inapima jinsi mtu anavyoshikilia, haisemi anashikilia nini. Mwenye imani thabiti hatikisiki, hata kama aliyoyashika ni uzushi mtupu.

Kuthibitika ni hatua ya mbele zaidi: mashaka yamekwisha. Dai likithibitika lilikuwa na mashiko au lilibahatika. Likiwa na mashiko bado halijathibitika. Hili lina kidonda chake, nitafika.

Na yakini. Waliopita madrasa wana faida hapa, kwa sababu ngazi zote walifundishwa kabla hawajajua kuandika stori: shaka, pande zote mbili sawa; dhana, upande mmoja umeelemea; yakini, pande zimekwisha. Wanakumbuka na ile kanuni ya fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Una yakini ulitia udhu, sasa una shaka tu kama umetenguka: udhu wako upo, kaswali. Dawatini ni hivyohivyo. Umeona bei kwa macho yako kwenye karatasi ya mnada iliyosainiwa, halafu mtu wa stendi anasema "nasikia imebadilishwa". Hubadilishi skripti kwa "nasikia". Unapiga simu.

4. Kidonda chenyewe.

Sentensi ni hii: "Uongozi umekanusha madai hayo, ambayo hayana msingi." Msidhani mmeibuni nyie. Imepita kwenye vidole vyetu sisi wakongwe miaka mingi kabla yenu, tumeisoma kwa sauti nzito, tukaenda kunywa chai. Nakiri kwa niaba ya dawati zima, na sikiri kwa kujifurahisha. Katika makosa yote ya Kiswahili tuliyowahi kurusha, hili ndilo lililoumiza watu. Kukosea upatanisho kunamuudhi mwalimu wa Kiswahili. Hili linamgeuza mkulima kuwa mwongo mbele ya kijiji chake.

Tuichanje sentensi hiyo kama samaki. "Uongozi umekanusha" ni habari: kuna mtu kasema, tunaye, tuna sauti yake. "Ambayo hayana msingi" ni ya nani? Uongozi haujaisema. Imekaa baada ya mkato, peke yake, ikiwa na sauti ya redio. Sisi ndio tumetoa hukumu, tena bila kusikiliza shauri. Na tulichomaanisha, ukitubana, ni kwamba madai hayajathibitishwa. Kati ya "hayajathibitishwa" na "hayana msingi" kuna umbali wa Mtwara na Liwale kipindi cha masika.

Chukueni mkulima mmoja wa Tandahimba, wa kufikirika. Ameokota, amejaza gunia, amelipima kwa mizani ya kuning'iniza ya jirani: kilo 80. Wiki tatu baadaye analipeleka ghalani, mizani inasoma 76 na nusu. Anasema mizani ya ghala inakula kilo. Je, dai lake lina mashiko? Lina. Amepima mara mbili mzigo uleule, gunia halikuguswa na mtu mwingine, tofauti iko wazi. Wewe na mimi tungeamini hivyohivyo.

Je, amepatia? Huenda hapana. Tuseme korosho zake zilipimwa mara ya kwanza zikiwa mbichimbichi, unyevu asilimia 12. Kwenye kilo 80, maji ni kilo 9.6, kilichobaki ni kilo 70.4. Halafu ameanika vizuri, kama alivyoelekezwa, mpaka unyevu umeshuka asilimia 8. Sasa zile kilo 70.4 ndizo asilimia 92 ya mzigo. Gawanya: kilo 76.5. Zile tatu na nusu zimeondoka na jua, hakuna aliyezila.

Mnaona mambo yalivyo? Dai lenye mashiko, na huenda si kweli. Mtu anayeandika "hayana msingi" amefanya makosa mawili kwa pigo moja: kahukumu dai kuwa tupu wakati halikuwa tupu, na kakosa habari yenyewe, ambayo ni unyevu. Habari nzuri kuliko zote ilikuwa imelala ndani ya gunia, sisi tukaipita tukikimbilia kukanusha.

Geuza kidogo tu. Tuseme alipima baada ya kuanika, unyevu ukiwa tayari asilimia 8, na gunia likakaa pakavu. Hapo jua halina kesi. Kilo tatu na nusu zinahitaji mtu wa kuzieleza, na dai la mkulima limezidi kupata mashiko. Kwa hiyo swali linalogawa stori mbili hizi ni moja, na wengi wenu hamlibebi mnapotoka: "Ulipima kabla ya kuanika au baada?" La pili ni kama mizani zote mbili, ya jirani na ya ghala, zina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Maana mizani ya jirani nayo inaweza kuwa ndiyo mwongo.

Halafu msingi hubomoka. Mkulima yuleyule, akishaonyeshwa kipimo cha unyevu na hesabu ile juu ya karatasi, akaielewa, kisha akaendelea kudai uleule wizi bila kitu kipya, dai lake la leo halina mashiko tena ingawa la jana lilikuwa nayo. Dai ni lilelile, mtu yuleyule, gunia lilelile, ila anachokijua kimebadilika. Ndiyo sababu kwenye stori za aina hii siku zinatajwa: alisema lini, alikuwa anajua nini siku hiyo.

Na maumivu ni haya. Tukisharusha "hayana msingi", mkulima akienda kulalamika ngazi ya juu anajibiwa kwamba hata redio imesema. Neno tuliloliweka ili sentensi ikae vizuri mdomoni limekuwa ushahidi dhidi yake. Kukanusha siku ya pili hakufui dafu, kwa sababu aliyesikia jana siye anayesikiliza leo.

Andikeni hivi. Kama hamjui: "Madai hayo bado hayajathibitishwa." Kama mwingine kasema: "Uongozi umesema madai hayo hayana msingi." Kama mmechunguza wenyewe na karatasi mnazo: "Kumbukumbu tulizoziona hazioani na madai hayo." Katika zote tatu hukumu ina mwenyewe.

5. Upatanisho, haraka.

Madai yenye, tuhuma zenye, wasiwasi wenye, hofu yenye, kilio chenye, uamuzi wenye. Kukanusha: yasiyo na, zisizo na, usio na, isiyo na, kisicho na. "Madai isiyo na mashiko" nikiiona tena namrudisha mtu chuoni na barua yake.

6. Bandikeni sifa kwenye nomino inayostahili.

Imani moja ya mtu huwa ni kifurushi. Kifungueni. Kusini tulikuwa na miaka mibaya ya simba wala watu: utafiti uliochapishwa 2005 ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa nchini kuanzia 1990, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia sana. Waliokuwa wakilala kwenye dungu kulinda mazao waliogopa usiku, na wengine wakasema simba hao si wa porini, ni wa kutumwa. Hapo kuna vitu viwili. Hofu ya kulala dungu ilikuwa na msingi wote duniani. Maelezo ya simba wa kutumwa hayakuwa nao. Utafiti uleule ulionyesha kitu cha kushika: nguruwe pori. Wanafuata mazao shambani, simba anawafuata nguruwe, na binadamu analala shambani kuwafukuza haohao nguruwe. Ukiandika "imani zisizo na msingi za wananchi kuhusu simba" umetupa mtoto wa watu pamoja na uzushi. Andika "hofu yenye msingi" na, mbali kidogo, "maelezo yasiyo na mashiko".

7. Mahakamani.

Tangu sheria irekebishwe 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mashiko mtayakuta kila ukurasa. "Pingamizi halina mashiko" au "rufaa imetupwa kwa kukosa mashiko" maana yake sababu zilizowasilishwa hazikutosha kuibeba. Haina maana kwamba aliyekata rufaa ni mwongo, msiongeze hilo. Na ile ya jinai, "pasipo kuacha shaka yoyote", isikilizeni kwa akili: kinachotakiwa ni kutobaki shaka lenye mashiko. Shaka la kubuni, la "labda pacha wake alishuka kutoka mwezini", halihesabiwi. Kesi za madai zinapimwa kwa mizania ya uwezekano, upande upi umeelemea, kitu ambacho wale wa madrasa tayari wamekiita dhana.

8. Methali siyo chanzo.

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nimeikuta mara mbili mwezi huu mahali palipotakiwa jina la aliyesema.

9. Kimsingi.

Futeni. Si ndugu wa msingi wala wa mashiko, ni kikohozi cha msemaji wa ofisi mkikiandika kwa herufi. Mmoja wenu jana ameliweka mara tano kwenye stori ya dakika mbili ya maji kukatika. Nimeyatoa yote matano, nikaisoma kwa saa mkononi, zikabaki sekunde za kutosha kusema bomba limepasukia wapi, jambo ambalo stori nzima haikulitaja.